Plagi Ikipata Moto, Tuitazame Soketi



Barua tunayoijibu wiki hii imetoka Voi, kwa mama mwenye watoto wanne anayeishi katika nyumba ya kupanga. Anatueleza kwamba plagi ya birika lake la umeme hupata moto kiasi cha kumchoma vidole kila anapoichomoa, na kwamba uso wa soketi iliyo ukutani umeanza kugeuka rangi ya kahawia, mfano wa andazi lililosahauliwa mafutani. Katika mwaka mmoja amekwisha kubadilisha plagi mara tatu. Mwenye nyumba amemwambia kwamba birika ndilo bovu. Jirani amemwambia kwamba ni jua la Voi. Na mumewe, ambaye kazi yake humweka safarini siku nyingi za wiki, amemwomba avumilie hadi mwisho wa mwezi. Yeye anatuuliza: je, alitupe birika?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: asilitupe birika, wala asinunue plagi ya nne. Aiache soketi hiyo tangu leo, asichomeke humo kifaa chochote, hadi itakapobadilishwa. Plagi mpya zikiungua mara tatu mahali pamoja, mshukiwa wa kwanza si plagi wala birika, bali ni soketi yenyewe. Na kungoja mwisho wa mwezi hakufai. Sababu zake twazieleza hapa kwa wote, kwa kuwa tunaamini soketi ya aina hiyo imo katika nyumba nyingi, kuanzia Voi na Mwatate hadi Taveta, na hata huku pwani kwetu.

JOTO LA KAWAIDA NA JOTO LA HATARI

Si kila plagi yenye joto ni plagi mbovu. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani yake, na fyuzi ni kijiwaya chembamba ambacho hutoa joto kidogo umeme mwingi unapopita. Kwa hiyo birika likichemsha maji, au pasi ikitumika kwa nusu saa, plagi ikiwa vuguvugu hapana neno.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Baada ya birika kuchemka, zima swichi ya soketi, kisha weka nyuma ya vidole juu ya plagi. Ukiweza kuviacha hapo hadi ukahesabu kumi bila taabu, hali ni ya kawaida. Ukilazimika kuondoa mkono kabla ya hapo, kuna kasoro. Baada ya kuchomoa, usizishike pini zenyewe kwa vidole, kwa kuwa huweza kuwa na joto kubwa kuliko plastiki inayozizunguka.

Dalili nyingine ni rangi ya kahawia au nyeusi kuzunguka tundu moja la soketi, plastiki iliyojikunja au kulainika, mlio mdogo kama wa mafuta yanayokaanga, plagi inayocheza ikiguswa, na taa ya kifaa inayofifia na kuwaka. Kuna na dalili moja ambayo wengi huipuuza: harufu ya samaki. Plastiki ngumu inayotumika kutengenezea soketi na plagi, ikipata joto kupita kiasi, aghalabu hutoa harufu inayofanana mno na ya samaki. Mama akinusa samaki jikoni siku ambayo hakupika samaki, asihangaike kuosha sufuria upya wala kumtafuta paka. Na azikague plagi na soketi zake zote.

KWA NINI KIUNGO KILICHOLEGEA HUWAKA

Umeme hupita bila taabu katika shaba nene iliyoshikana. Taabu huanza pale ambapo vitu viwili vinagusana tu. Ndani ya soketi, nyuma ya kila tundu, mna kibano cha chuma chenye mkazo kama wa kibanio cha nguo. Pini ya plagi ikiingia, kibano huibana kwa nguvu pande zote, na umeme hupita katika eneo pana. Kibano kikilegea, pini huguswa kwa nukta mbili tatu tu, na umeme wote hulazimika kupenya katika nukta hizo. Hapo ndipo joto linapozaliwa.

Tutazame hesabu yake, maana ndiyo inayoondoa shaka. Birika la wati 2,000 katika umeme wetu wa volti 240 huvuta zaidi kidogo ya ampea 8. Televisheni ya wati 100 haivuti hata nusu ampea. Birika basi huvuta umeme mara 20 ya televisheni. Lakini joto la kiungo haliongezeki kwa kiasi hicho hicho: umeme ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne, ukiwa mara kumi, joto huwa mara mia. Hivyo katika soketi moja iliyolegea, birika litazalisha joto mara 400 ya lile linalozalishwa na televisheni. Kiungo chenye ukinzani mdogo wa sehemu moja ya kumi ya omu, kikipitisha umeme wa birika, hutoa joto la karibu wati 7. Joto hilo ni dogo likitawanyika chumbani. Likikusanyika katika nukta isiyozidi punje ya choroko, ndani ya plastiki iliyofungika, hutosha kuunguza.

Ndiyo maana mwenye nyumba husema kwa nia safi kabisa kwamba soketi ni nzima, kwa kuwa mpangaji aliyetangulia alichomeka humo redio na chaja ya simu miaka mitatu bila kulalamika. Maneno yake ni ya kweli, lakini si hoja. Soketi iliyolegea huonekana nzima kwa redio, na hujulikana ugonjwa wake kwa birika, pasi, maikrowevu na joko la umeme.

Tena ugonjwa huu ni wa kuambukiza. Joto hukiondolea kibano mkazo wake, kikazidi kulegea. Kulegea kukazidisha joto. Joto likafunika chuma kwa utando mweusi usiopitisha umeme vizuri. Na mzunguko ukaendelea. Plagi mpya ikitiwa katika soketi iliyoungua, pini zake nazo huungua baada ya wiki chache. Plagi iliyoungua ikihamishiwa soketi nzima ya chumba cha pili, huanza kuiharibu nayo. Mama yetu wa Voi alinunua plagi tatu njema, na zote zikaharibiwa na kibano kimoja.

FYUZI HAIONI

Wengi hujiliwaza kwa kusema: lau pangekuwa na hatari, fyuzi ingekatika au swichi kubwa ya kisandukuni ingeruka. Hapa panahitaji tahadhari. Fyuzi na swichi ile huhesabu wingi wa umeme unaopita, wala hazipimi joto la viungo. Birika katika soketi iliyolegea huvuta ampea 8 zile zile ambazo lingevuta katika soketi mpya. Kwa fyuzi ya ampea 13 kila kitu ni shwari, hata plastiki ikiwa inayeyuka mbele yake. Katika nyumba zetu nyingi hakuna chombo kinachoitambua kasoro hii isipokuwa mkono, jicho na pua ya anayeingia jikoni kila siku. Kwa hiyo neno la mwanamke anayesema "plagi hii inachoma" lisipokelewe kama manung'uniko. Huo ndio ulinzi pekee ambao nyumba inao kwa wakati huo.

Yafaa hapa tukumbuke kwamba plagi hii ya pini tatu bapa ilipitia mikononi mwa mwanamke tangu mwanzo wake. Uingereza, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, iliunda kamati ya watu 20 kupanga umeme wa majumbani baada ya vita, na mwanamke pekee katika kamati hiyo alikuwa mhandisi Caroline Haslett, ambaye kwa miaka mingi aliongoza chama cha wanawake kilichofundisha matumizi ya umeme nyumbani. Kutokana na kazi ile kulitoka mwaka 1947 kiwango kiitwacho BS 1363, ambacho Kenya huifuata plagi yake hadi leo. Pini ya juu ikafanywa ndefu kuliko wenzake ili itangulie kuingia, ifungue vizuizi vinavyoziba matundu mawili ya chini, mtoto asiweze kutia kijiti au msumari.

Na sisi tunakifanyaje kizuizi kile? Kifaa kikija na plagi ya pini mbili za mviringo, twachukua kalamu, twaisukuma katika tundu la juu, vizuizi vinafunguka, na plagi isiyo ya soketi ile inaingizwa kwa nguvu. Pini ya mviringo katika kibano kilichoundwa kwa pini bapa hugusa kwa mstari mwembamba tu, na zaidi ya hayo hukipanua kibano kisirudi tena. Mchana tunachaji simu kwa kalamu. Jioni tunachomeka birika katika kibano kile kile kilichokwisha kupanuka, kisha tunashangaa plagi kuungua. Kalamu hiyo ni katika sababu kubwa za soketi kulegea majumbani. Tununue adapta nzuri, au fundi aifunge plagi ya pini tatu katika waya wa kifaa.

JE, NI JUA LA VOI?

Jirani naye tumpe haki yake. Voi ni mji wa joto, tambarare iliyo chini ya milima ya Taita na Sagala, na ukuta wa jikoni unaopigwa na jua la alasiri huwa na joto kabla hata birika halijawashwa. Joto hilo hujumlishwa juu ya joto la plagi. Lakini halianzishi ugonjwa. Tofauti ya hali ya hewa kati ya Voi na Wundanyi ni ya nyuzi chache tu, ilhali kiungo kilicholegea huweza kupanda makumi ya nyuzi juu ya hewa inayokizunguka. Soketi iliyolegea itaungua Voi, na itaungua vile vile Wundanyi kwenye ukungu na baridi ya asubuhi.

Kuna jambo la Voi ambalo jirani hakulitaja, nalo ni vumbi. Udongo ule mwekundu unaowapa tembo wa Tsavo rangi yao huingia nyumbani kwa upepo, hukaa juu ya soketi na kupenya katika matundu yasiyotumika, hasa katika nyumba zilizo kando ya barabara zisizo na lami. Chembe zake zikikaa kati ya pini na kibano huzuia mgusano mwema. Zikichanganyika na mvuke wa sufuria na mafuta ya kukaangia, hufanya utando usiofaa kuwa karibu na umeme. Soketi ya jikoni basi ifutwe kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, swichi ikiwa imezimwa, wala isiwe juu ya jiko wala karibu na bomba la maji.

KUTAFUTA CHANZO

Kwa msomaji ambaye plagi yake imeanza kupata moto na hajui pa kuanzia, tunapendekeza utaratibu huu.

Kwanza, zima swichi ya soketi, na kama soketi haina swichi, zima umeme wote kwenye kisanduku. Usiichomoe plagi yenye moto kwa kuvuta waya wake. Ngoja ipoe, kisha uishike mwili wake na kuivuta sawasawa.

Pili, zitazame pini. Pini njema hung'aa. Pini yenye weusi, madoadoa ya kuungua, au plastiki iliyoyeyuka shinani mwake, inaeleza mahali pa kasoro. Ukiielekea soketi, tundu la chini upande wa kulia ndilo la waya wa moto, la kushoto ni la waya wa kurudisha umeme, na la juu ni la waya wa ardhini. Ikiwa tundu moja la soketi limeungua pamoja na pini inayoingia humo, kibano cha tundu hilo ndicho kilicholegea.

Tatu, ikiwa plagi ni ya kufunguliwa kwa skrubu, ifungue ikiwa imechomolewa, na uangalie ndani. Mna sehemu mbili za kutazama. Ya kwanza ni vichwa vya nyaya: waya uliochomoka kidogo, uzi wa shaba uliokatika, au skrubu inayozunguka kwa kidole huleta joto lile lile, ila alama zake huwa ndani ya plagi na si kwenye soketi. Ya pili ni vishikio vya fyuzi: vikilegea, ncha za fyuzi hubadilika rangi.

Nne, pitisha mkono kwenye waya baada ya matumizi. Plagi ikiwa baridi lakini waya ukiwa na joto urefu wake wote, kasoro si kiungo. Waya huo ni mwembamba kuliko kazi unayopewa.

Tano, ikiwa plagi haina alama yoyote ya kuungua, ichomeke katika soketi nyingine unayoiamini, chemsha maji mara moja tu, kisha upime kwa mkono. Ikibaki vuguvugu, soketi ya kwanza ndiyo mbovu. Ikipata moto tena, ubovu umo katika plagi au waya wa kifaa. Lakini plagi iliyokwisha kuungua isijaribiwe popote. Ikatwe na kutupwa, tena ipindwe pini zake au iharibiwe, asije mtoto akaiokota na kuitia ukutani ikiwa na nyaya zilizo wazi.

KUTENGENEZA: LIPI LETU NA LIPI LA FUNDI

Kubadilisha plagi ni kazi ambayo mama wa nyumbani, au binti aliyefika darasa la juu, aweza kuijua na kuifanya. Waya wa kahawia hufungwa upande wa kulia, penye fyuzi. Wa buluu upande wa kushoto. Na wa kijani wenye mstari wa manjano juu. Katika nyaya za zamani, nyekundu ndiyo ya moto, nyeusi ni ya kurudisha, na kijani ni ya ardhini. Nyuzi za shaba zisokotwe pamoja zisibaki zilizotawanyika, skrubu zikazwe barabara, na kishikio cha chini kilibane gamba la nje la waya ili mvuto usifike kwenye skrubu. Fyuzi iwe ya ampea 3 kwa vifaa visivyozidi wati 700, na ya ampea 13 kwa birika, pasi na mfano wa hivyo. Karatasi ya sigara, waya wa shaba au msumari mahali pa fyuzi ni kuiondolea nyumba kinga yake, nasi tunawasihi wasomaji wasikubali kabisa.

Soketi ya ukutani ni jambo jingine. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, EPRA, kama sheria ya nchi inavyotaka. Si aibu kumwomba fundi akuonyeshe leseni yake kabla ya kumpa bisibisi. Umeme uzimwe kisandukuni, soketi itolewe, na fundi atazame nyaya zilizo nyuma yake. Shaba iliyogeuka nyeusi na gamba lililokauka vikatwe hadi ionekane shaba safi, kwa kuwa soketi mpya juu ya waya ulioungua itarudia ugonjwa ule ule. Mwombe afungue na soketi nyingine za jikoni akaze skrubu zake. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na yeye yupo tayari.

Katika ununuzi, tutafute alama ya ubora ya KEBS, nasi tusiridhike na nembo peke yake, kwani nembo huigwa. Shika soketi mkononi: iliyo njema ina uzito, na plagi ikiingia humo hukazana na kuhitaji nguvu kidogo kuichomoa. Ile inayoipokea plagi kwa ulaini tangu siku ya kwanza ina vibano vyembamba.

Juu ya nani alipe, wengi hudhani kwamba Kenya Power ndiyo yenye dhamana ya kila kitu cha umeme. Dhamana yake hukomea kwenye mita; nyaya na soketi za ndani ni za mwenye jengo. Kwa hiyo tunamshauri dada yetu ampelekee mwenye nyumba ujumbe wa maandishi wenye picha ya soketi, na amwonyeshe plagi zilizoungua zote tatu, ikiwa angali nazo. Aseme kwa adabu, lakini aseme wazi, kwamba si birika pekee lililo hatarini. Ukuta ni wa mwenye nyumba, paa ni lake, na moto haubagui mali ya mpangaji na ya mwenye mji. Bei ya soketi moja haifiki bei ya kuku wa kienyeji. Kwa mume tunasema vivyo hivyo: soketi iliyounguza plagi tatu haingoji mshahara. Hata fedha zikikosekana wiki hii, soketi hiyo yaweza kufungwa leo bila gharama, na maji ya chai yakachemshwa kwa mkaa au gesi.

EKSTENSHENI NA SHUGHULI ZETU

Tusilisahau suala la ekstensheni. Katika maulidi, arusi na matanga, na katika Ramadhani wakati wa kufuturu, ekstensheni moja hubeba kazi ya soketi nne. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja huvuta zaidi ya ampea 13, yaani kupita kiwango cha plagi moja, na fyuzi haitakatika kwa ziada ndogo kama hiyo. Itabaki ikipika polepole. Vifaa vya kupasha moto vichomekwe ukutani, kimoja kwa wakati mmoja. Ekstensheni iachiwe taa, simu na televisheni. Isitumike ikiwa imekunjwa mviringo au kufunikwa na mkeka, kwa kuwa joto lake hukosa pa kutokea.

Friji nayo ina jambo lake. Umeme ukishuka volti, kama inavyotokea kwa nyumba zilizo mwisho wa laini, injini yake hutaabika kuanza na huvuta umeme zaidi ya kawaida. Umeme ukikatika, ichomoe, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Kwa kuwa ndiyo kifaa kinachofanya kazi tukiwa tumelala, ipewe soketi bora kuliko zote nyumbani.

USIKU

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, nao ulikuwa usiku wa Ramadhani, moto ulizuka katika jiko la nyumba moja kwenye ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, London. Watu 72 walikufa, wengi wao Waislamu. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, iliyotolewa Oktoba 2019, ilieleza kwamba moto ulianza kwa hitilafu ya umeme katika friji, na mtaalamu mmoja aliyetoa ushahidi alionyesha dalili za kiungo cha waya ambacho hakikubanwa sawasawa. Moto ulienea kwa sababu ya vifuniko vilivyobandikwa nje ya kuta, na hilo ni kosa kubwa la wengine. Lakini chimbuko lake lilikuwa dogo, na huenda lilikuwa la aina ile ile tunayoizungumzia: kiungo kilicholegea, usiku, watu wamelala.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja iliungua Madina usiku pamoja na watu wake, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akawausia Waislamu wazime moto kabla ya kulala. Katika nyumba zetu za leo, moto huo umo pia ukutani. Kabla ya kulala tuchomoe birika, pasi na chaja zisizo na simu, na tupitishe mkono juu ya plagi ya friji.

Ikitokea cheche au moshi, zima umeme kisandukuni ikiwa kinafikika kwa salama, wala usimwage maji kamwe penye umeme. Mchanga mkavu au kizimamoto cha unga hufaa kwa moto mdogo ambao ndio kwanza umeanza. Ukishindwa, watoe watoto, funga mlango nyuma yako, na piga 999 au 112 ukiwa nje.

Tunaomba kila nyumba inayosoma safu hii itenge robo saa baada ya swala ya Ijumaa. Zunguka chumba kwa chumba, hesabu soketi zote, gusa kila plagi ya kifaa kilichotoka kutumika, na uzitie alama kwa karatasi zile zinazocheza au zilizogeuka rangi. Wachukue watoto wakubwa wazunguke pamoja nawe, ili nao wajue harufu ile ya samaki inamaanisha nini na wasione haya kuisema.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumzia mipira na mitungi ya gesi jikoni. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zenu na waliomo.

Wabillahi tawfiq.